Kopo la Mwasubi

Kituo chetu kilinuka supu ya samaki iliyochacha. Sitaki kulipamba jambo hilo. Mivukuto ndiyo iliyoleta harufu: mabamba mapana ya chuma yaliyoelea juu ya ziwa, yakichemsha maji tangu asubuhi ili mvuke upande, wingu lijengeke, na tufani izaliwe palepale tulipoitaka. Dagaa waliokuwa karibu na mabamba waliiva wakiwa hai. Magugu maji nayo yaliiva. Kufika adhuhuri harufu ilikuwa imeshaingia kwenye nywele, kwenye shuka na kwenye mkate. Mfanyakazi mgeni alitapika siku ya kwanza; baada ya wiki alikuwa anaulizia pilipili.

Hilo ndilo lililonichukiza kuliko harufu yenyewe, namna watu walivyoizoea. Na mimi nikiwemo.

Tulikuwa na desturi pale Mvua Hakika, kampuni yetu. Siku ya tufani hakuna mtu anayegusa chakula mpaka wingu ligonge dari. Dari ni huko juu kabisa ambako hewa inayopanda hukataliwa kuendelea. Wingu lenye nguvu likifika hapo hulisukuma dari, hupitiliza kidogo, huzama, hupanda tena, kama ndoo iliyotupwa kisimani. Na kama ilivyo kwa ndoo, pete za mawimbi hutoka hapo na kwenda mbali, mamia ya kilomita, wala jicho la mtu halizioni. Sisi tuliuza pete hizo.

Siku hiyo kengele ililia, na Mkurugenzi Rwegoshora akasimama na glasi yake.

"Dari limegongwa! Karibuni mezani."

Tukakaa. Sangara wa kukaanga, wali, kachumbari. Nje ya dirisha wingu lilikuwa limesimama jeusi kutoka majini hadi mbinguni, na chini yake samaki wafu walikuwa wanaelea tumbo juu.

"Limi," akaniita Ngassa, fundi aliyeendesha mivukuto, huku mdomo umejaa. "Leo bonde umeliangusha wapi?"

"Mwasubi."

"Tena Mwasubi? Wewe jua, una ugomvi gani na wale watu?"

Wakacheka. Limi kwa Kisukuma ni jua, na haikupita siku bila mtu kunitania kwamba kampuni ya mvua imeajiri jua.

Mimi nilikuwa mpanga-mabonde. Kila wimbi lina mgongo na lina bonde. Mgongo ukipita, hewa hunyanyuliwa, hupoa, na unyevu uliokuwa unaning'inia bila kazi hugeuka mvua. Bonde likipita, hewa hukandamizwa chini, hupata joto, na hata wingu lililokuwa limeshaiva hutoweka. Tukiwasha mivukuto ya kaskazini na ya kusini kwa kupishana vizuri, pete za tufani mbili hukutana na kusimama mahali pamoja mchana kutwa. Mgongo tuliusimamisha juu ya Shamba Kuu, mali ya wateja wetu, pamba tupu hadi upeo wa macho. Bonde sasa ilibidi lisimame juu ya mtu mwingine. Hakuna wimbi lenye mgongo likakosa bonde, na mtu wa kuamua ni nani alibebe nilikuwa mimi.

Hatukusema kijiji kimenyimwa mvua. Tulisema kimepumzishwa. Neno hilo nililitumia kila siku bila kutapika, na leo nikilikumbuka ulimi unanikauka.

Sheria ilikuwepo. Kijiji hakiruhusiwi kupumzishwa misimu miwili mfululizo, isipokuwa kama kopo lake la mvua linaonyesha kwamba maji kinapata. Kopo hilo lilifungwa uani kwa mwanakijiji, na kila asubuhi lilipima kilichoingia, likatuma kipimo kituoni, kisha likajimwaga lenyewe. Serikali iliamini kopo kuliko ilivyotuamini sisi, na haikukosea.

Sasa kopo la Mwasubi lilikuwa linanisumbua. Kila asubuhi lilikuwa na maji kidogo, na maji hayo yalikuwa kiasi kilekile. Leo hivyo, kesho hivyo, kiangazi na masika. Kwa kuwa kopo halikuwahi kuwa kavu, kompyuta iliendelea kuichagua Mwasubi msimu baada ya msimu.

"Mkurugenzi," nikasema palepale mezani, "lile kopo la Mwasubi si la kawaida. Mvua ya Mungu haipimwi kwa kikombe."

"Ni umande," akajibu Rwegoshora. "Wenzetu wamejaliwa umande."

"Umande wa kiasi kimoja kila siku?"

Akachomoa mwiba katikati ya meno, akautazama, akaufuta kwenye kitambaa cha meza.

"Binti, kopo likisema maji yapo, maji yapo. Usichokoze nyuki na huku asali unakula."

Nikatazama sahani yangu. Jicho la sangara lilikuwa likiniangalia muda wote huo. Nikaisogeza sahani pembeni, nikaomba likizo.

*

Mwasubi kulikuwa na harufu nyingine. Ilinipokea kabla sijaona nyumba. Ng'ombe walikuwa wamekufa kando ya njia, ngozi zimegandamana na mbavu, na inzi walikuwa wengi kiasi kwamba nilijifunga kanga puani. Mtama ulikuwa umefika magotini ukasimama hapo, majani yamejikunja. Ulikuwa haujafa bado. Mtama ni mvumilivu, humpa mkulima nafasi ya mwisho, lakini ni moja tu.

Nilifika asubuhi mapema kwa mama aliyetunza kopo. Nyanzobe lilikuwa jina lake, mjane mwembamba mwenye mgongo ulionyooka. Ua wake ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Katikati ya ua palikuwa na nguzo, na juu ya nguzo kopo letu, limesuguliwa kwa mchanga hadi linang'aa. Chini yake alikuwa ameizungushia nguzo kitambaa cha kufuma, kile ambacho watu hutandika kwenye makochi.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mwanangu. Mhola?"

"Mhola," nikajibu, kwamba ni salama.

Akanipa kigoda kabla hajaniuliza natoka wapi. Kisha akaingia ndani, akatoka na ndoo iliyokuwa na maji chini kabisa, akachota kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili. Yalikuwa maji ya kufukua mchangani kwenye mto mkavu, ya rangi ya chai, yenye chumvi. Nikayanywa yote. Kuyakataa ningekuwa nimemtukana, na kuyanywa niliona kama namwibia.

Nilipomrudishia kikombe akachota tena.

"Samahani, mgeni," akasema. "Na huyu mwenzio bado hajanywa."

Akaenda kwenye nguzo, akanyanyuka kwa vidole vya miguu, akamimina kikombe kile ndani ya kopo, taratibu, asimwage hata tone.

Nilibaki nimekaa. 

"Mama," nikasema, "unafanya hivyo kila siku?"

"Kila siku. Halibakizi, linakunywa yote." Akacheka kidogo. "Wewe ni wa kampuni, siyo? Nimeona nembo kwenye begi. Basi utanielewa. Siku walipolileta, lilikuwa limejaa sukari, zawadi. Kijiji kizima kilikunywa chai hapa. Nikawauliza, chombo chenu nirudishe lini? Wakasema kinakaa hapahapa, ila wao watakuwa wanachungulia ndani kila asubuhi wakiwa hukohuko Mwanza. Sasa, mwanangu, mtu amekuletea chombo kimejaa. Kila kukicha anachungulia. Akikute kitupu? Si atasema Mwasubi hakuna watu?"

Mama yangu mzazi angefanya vivyo hivyo. Nilipokuwa mdogo, jirani akileta mboga kwenye bakuli, bakuli lile lilikaa kwetu mpaka tupate cha kutia ndani, hata kama ni mayai mawili. Bakuli tupu halikuvuka kizingiti. Na watu wetu wa kampuni walijua hivyo, maana wao pia wana mama. Wakajaza sukari ili wapendwe, wakaenda zao.

"Hata sasa, mama? Maji yenyewe haya ya shida?"

"Shida ni yetu. Chombo ni cha watu."

Akanionyesha nyumba. Ndani palikuwa pamebaki kitanda, chungu, na kibuyu kimoja kilichozibwa kwa kitambaa. Akakifungua. Karanga, zimepakwa majivu zisiliwe na wadudu.

"Mbegu," akasema. "Udongo ukilowa tu tunazipanda katikati ya mtama. Ikinyesha hata mara moja kabla mwezi huu haujafa, tunavuna vyote viwili. Isiponyesha, Shija mwanangu anakuja na mkokoteni kutuchukua, na majirani wote wameshafunga mizigo. Lakini hizi hatuzigusi, hata tulale njaa. Mtu akila mbegu amefunga mji."

Nilijua kama ingenyesha au isingenyesha. Tufani ya mwisho ya msimu ilikuwa imepangwa wiki iliyofuata, na Mwasubi ilikuwa imeshaandikwa kupumzishwa.

Hapo ndipo ningeweza kumwambia. Mama, ni kikombe chako. Kila asubuhi umekuwa ukitupa ushahidi kwamba mvua mnapata. Ng'ombe wale, mtama ule, majirani waliofunga mizigo, vyote vimepitia kwenye adabu yako. Nikamtazama akikifunga kibuyu, akiufuta mdomo wake kwa kiganja kama vile ni mdomo wa mtoto. Nikaona kwamba ukweli huo ungemuua bila kumnyeshea mtu hata tone. Waliopaswa kuusikia walikuwa wengine.

"Mama, msiweke maji tena humo. Liacheni."

"Kwa nini?"

"Kituoni… kituoni wanaona mnavyojinyima. Wanasikitika."

Uso wake ukang'aa.

"Kumbe wanaona?" akasema. "Basi wana utu."

Niliaga upesi. Nje ya kijiji nilisimama kando ya mzoga mmoja nikatapika maji yake, na hata hapo nilijiona mharibifu, kwa sababu yalikuwa maji ya watu.

*

Nilimkuta Rwegoshora ofisini kwake akikata kucha za miguu. Alikuwa anazikusanya kwenye kisahani cha kikombe cha chai. Nilimweleza yote bila kukaa: sukari, kikombe, ndoo, ng'ombe. Nilitarajia ashtuke, au angalau ajifanye ameshtuka.

Alicheka. Alicheka hadi mkasi ukamponyoka.

"Umechelewa, Limi. Mkaguzi wetu wa makopo alinisimulia tangu msimu wa kwanza. Siku hiyo nilicheka hadi nikamwagikiwa na chai. Nimeshawasimulia hata wateja, wanaipenda sana hadithi hiyo. Watu wetu bwana! Wana mila nzuri sana, tuwaachie."

"Ulijua?"

"Sheria inauliza kopo lina maji au halina. Haiulizi nani kayatia."

Akaokota ukucha ulioruka hadi kwenye karatasi zake, akauweka pamoja na wenzake. Nilitamani kuinua kisahani kile nimmwagie kichwani. Nilikuwa nimefanya kazi chini ya mtu huyu nikamwita mzee, nikamsogezea kiti, nikacheka alipochekesha.

"Mwasubi iondolewe," nikasema.

"Iondolewe? Sawa. Mimi si katili." Akageuza kioo cha kompyuta nikione. "Bonde lazima liwe na mahali. Anayefuata kwa zamu ni huyu hapa."

Palikuwa pameandikwa Mwalukonge. Kwetu.

"Mama yako bado yupo kule, siyo?" akauliza kwa sauti ya mtu anayejulia hali. "Basi chagua wewe mwenyewe. Mwasubi au Mwalukonge. Ukiandika Mwalukonge natia saini sasa hivi, na huyo bibi yako wa kikombe atapata mvua."

"Na Shamba Kuu? Mabwawa yao yamejaa hadi yanamwagika. Wakikosa tufani moja hawapungukiwi hata na kitumba kimoja cha pamba."

"Mteja hapumzishwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mteja," akasema, na alishangaa kweli kwamba nimeuliza. "Halafu usihangaike na lile kopo. Nimeshaagiza liletwe hapa, tutasema ni bovu. Kijiji kisicho na kopo hakina malalamiko."

Nilitoka nikakaa ngazini, nikampigia mama yangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini nilijiambia mama yangu anazijua zote mbili, atanipa neno. Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, nikimsikia akipepeta kitu kwenye ungo.

"Mimi nimepanda mihogo," akasema. "Mihogo haifi upesi. Jirani yangu hapa amepanda mpunga, yeye utamuua."

"Kwa hiyo nifanyeje, mama?"

"Unaniuliza mimi? Unataka niseme niue mimi ili wewe ulale? Mimi na huyo mama wa Mwasubi hatujawahi kugombania mvua tangu tuzaliwe. Mmekuja ninyi na makaratasi yenu ndipo tukawa wawili na riziki moja." Ungo ukanyamaza. "Hiyo kazi umeajiriwa wewe, Limi. Ila kabla hujachagua kati ya maskini wawili, mtazame huyo aliyekupa vidole viwili tu vya kuhesabia."

Akakata simu, kama alivyozoea, bila kwaheri.

*

Siku ya tufani ya mwisho joto lilipanda mapema, na kwenye ratiba nilikuwa sijafuta Mwasubi wala kuandika Mwalukonge. Mivukuto ya kaskazini ilikuwa imeshawashwa na ziwa lilikuwa linatokota kwa povu la kijivu. Meza ilikuwa imetandikwa. Rwegoshora alikuwa amekaa kichwani pa meza akisubiri kengele kama sisi wote, wakati mkaguzi alipoingia amejaa vumbi, kopo la Mwasubi kwapani.

"Yule bibi ana vituko," akasema mkaguzi, akiliweka katikati ya wali na samaki. "Nimemwambia nipe kopo niondoke. Akasema hawezi kunipa chombo kitupu. Kanikalisha kwenye kigoda, kaingia ndani, kakaa humo muda mrefu, ndipo akatoka nalo limejaa."

Rwegoshora akafungua kifuniko, kile cha kusafirishia.

Karanga. Za kijivu, zimepakwa majivu. Nilizitambua kabla hajaingiza mkono.

"Mkurugenzi," nikasema, "hizo ni mbegu."

"Ni karanga," akasema. Akachota konzi, akapuliza majivu yakaruka juu ya wali wa wenzake, akatia kinywani. Na kengele ilikuwa bado haijalia. Katika miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumwona mtu akivunja desturi ya meza, yeye ndiye aliyeianzisha na yeye ndiye aliyemfukuza mpishi kwa kuonja mchuzi mapema. "Tamu. Za shamba hazina mfano. Chukueni."

Mkaguzi akachukua. Mwingine naye akachukua. Walikuwa wanatafuna, na majivu yaliwaganda kwenye pembe za midomo. Nilisikia kila punje ikivunjika menoni mwao. Ngassa peke yake hakunyoosha mkono. Alinitazama mimi, akalitazama kopo, akainuka kwenda kwenye mitambo yake. Nikamfuata.

"Kusini tuwashe lini?" akaniuliza. Kuwasha kulikuwa kazi yake, lakini saa ya kuwasha ilikuwa amri yangu.

"Chelewesha."

"Kiasi gani?"

"Nusu wimbi."

Mkono wake ukasimama juu ya swichi. Ngassa hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Ukichelewesha tufani moja kwa nusu wimbi, pete zinakutana vilevile na kusimama vilevile, ila mgongo na bonde vinabadilishana viti. Palipokuwa pa jua panakuwa pa mvua. Palipokuwa pa mvua panapumzishwa.

"Limi, hapo unalitupa bonde kwa mteja."

"Najua."

"Wataniuliza."

"Sema nimekuagiza mimi. Huo ndio ukweli, hutahitaji kuukariri."

"Kule shambani kuna vibarua."

"Kuna vibarua na kuna mabwawa. Watamwagilia. Mwasubi watamwagilia kwa kikombe?"

Ngassa akageuka kutazama meza. Rwegoshora alikuwa amejisogezea kopo karibu na tumbo, na mkono wake ulikuwa unakwenda na kurudi.

"Kwetu pia mbegu hupakwa majivu," akasema Ngassa polepole. "Bibi yangu angemchapa mtu kwa hilo." Akaondoa mkono kwenye swichi, akakunja mikono kifuani, akasubiri.

Nilisubiri pamoja naye, na nitasema nilivyohisi, kwa sababu baadaye watu walinifanya shujaa na wengine mhaini. Sikuhisi ushujaa. Nilihisi karaha. Nilihisi uchafu wa misimu yote niliyoandika majina ya vijiji na kwenda kula, na karaha hiyo ilikuwa safi kuliko kitu chochote kilichowahi kunipata pale kituoni. Saa ilipofika nikamwashiria kwa kichwa, na Ngassa akawasha kusini.

Mawingu mawili yakapanda. La kaskazini likagonga dari, kengele ikalia, watu wakashangilia. La kusini likafuata. Wakala sangara juu ya karanga, wakashushia bia.

Walikuwa kwenye matunda simu ilipolia. Rwegoshora akaipokea kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado ndani ya kopo. Nilisikia sauti ya mteja kutoka nilipokuwa nimesimama. Jua. Jua kali, mawingu yaliyokuwa yamejikusanya tangu asubuhi yameyeyuka yote, na wageni wao waliokuja kuangalia mvua ikishuka kwa saa iliyoahidiwa wamesimama na miavuli.

Akaweka simu chini.

"Limi. Bonde limeanguka wapi?"

"Kwa mteja. Amepumzishwa."

Akaacha kutafuna. Shavu lake moja lilikuwa limevimba kwa karanga ambazo hakujua azimeze au azitoe.

"Rudisha!"

"Wingu likishagonga dari halirudishwi, Mkurugenzi. Ndiyo maana ulitufundisha tuanze kula hapo."

Alipiga kelele kuhusu polisi, mahakama, na nani alinisomesha. Makombo yalimruka mdomoni yakatua juu ya matunda. Nilinyoosha mkono, nikalichukua kopo mbele ya tumbo lake. Lilikuwa limebaki nusu. Nikalifunika.

"Hilo ni mali ya kampuni!"

"Hili ni chombo cha watu," nikasema, "na linarudi."

Hakuna aliyenizuia mlangoni. Walikuwa wanatazamana, na mkaguzi alikuwa ameanza kujifuta majivu mdomoni.

*

Msidhani mvua ilisafisha kitu. Mizoga ilinuka vibaya zaidi baada ya kulowa, na njia ya Mwasubi ilikuwa tope lililochanganyika na mambo nisiyotaka kuyataja. Viatu vyangu nilivibeba mkononi. Nilijua kwamba msimu ujao mpanga-mabonde mwingine atakaa kwenye kiti changu, na kwamba polisi walikuwa wameshafika Mwalukonge kumuuliza mama yangu nilipo. Niliambiwa aliwapa uji kwanza.

Lakini mtama ulikuwa umefunua majani. Shija alikuwa amekuja na mkokoteni, na mkokoteni ulikuwa umesimama uani ukiwa mtupu, yeye na majirani wako shambani na majembe.

Mama Nyanzobe alikuwa ameinama kwenye mstari wake, akitoboa mashimo kwa kijiti katikati ya mtama, wakati hakuwa na kitu cha kuyatia. Nilipomwona akitoboa mashimo matupu nilielewa. Alikuwa anayatayarisha tu, huenda jirani angemkopesha.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mwanangu! Mvua umeiona?" Kisha akaliona kopo. "Mbona mmelirudisha?"

"Ni lako."

Akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili, akafunua kifuniko. Akatazama ndani kwa muda.

"Yule mkaguzi alinikuta sina kitu kingine," akasema, karibu kwa aibu. "Mwenyewe ulishaniambia nisitie maji."

Niliamua nisimwambie ukweli, nikamwambia asitie maji, na yeye akatafuta kingine cha kutia.

"Zimepungua," akasema.

"Zimeliwa, mama."

"Na nani?"

"Na mkubwa wetu."

Akatikisa kichwa taratibu, akiupima uzito wa kopo mkononi. Nilisubiri alaani. Nilitaka alaani, ningeitikia amina kwa nguvu zangu zote. Badala yake akaninong'oneza, kama mwenyeji anayeuliza baada ya wageni kuondoka.

"Alizipenda?"

Niliweka viatu vyangu chini kando ya mstari.

"Alizipenda, mama."

"Afadhali," akasema, akainama, akaanza kupanda zilizobaki.